Jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake wa kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria
Pole sana dada. Mdogo wako halali wala hasemi na mtu tangu apewe majibu kwamba ana VVU, akiogopa kambi nzima ya dagaa itajua. Hofu hiyo ndiyo inayomtesa kwa sasa kuliko virusi vyenyewe. Msimlazimishe kutangaza. Mtu mmoja anayemwamini anatosha kuanzia, na naona ni wewe. Pale CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, amuulizie WAVIU mshauri, maana naye anaishi na VVU na anameza ARV, dawa za kufubaza virusi, kila siku, wataelewana. Akihama kufuata dagaa, awaambie mapema wampangie dawa. Akizimeza vizuri virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenza kwa kujamiiana. Mpigie leo umwambie hilo, tafadhali.