Kuimba, kupiga diski na kuandika mpira Dublin

Haupiti mwezi bila kijana kuniuliza kama aache gitaa ashike kalamu, au aache vyote atafute kazi ya maana. Nina miaka 11 hapa Dublin na riziki yangu hutoka sehemu tatu: nyimbo ninazotunga, sherehe ninazopigia diski, na makala za mpira. Mdogo wangu, usiache hata kimoja. Panga tu.

Anza na Ijumaa. Ligi ya Ireland huchezwa zaidi Ijumaa usiku, mechi nyingi saa mbili kasorobo, na kumbi nazo zinakutaka usiku huohuo. Mwaka wangu wa pili nilikubali vyote. Nikatoka uwanja wa Dalymount Park dakika ya 80, nikawahi ukumbini, nikamalizia ripoti kwenye simu nikiwa nimechuchumaa nyuma ya spika. Nyuma yangu bao likaingia dakika za nyongeza. Asubuhi mhariri alinipigia kwa sauti ya upole kabisa, na upole ule ndio ulionichoma. Miezi mitatu sikupewa mechi. Tangu hapo Ijumaa ni ya mpira na Jumamosi ya muziki. Anayenitaka Ijumaa namwelekeza kwa DJ mwenzangu, naye hunirudishia hisani.

La pesa wengi hulipuuza, kisha linawatesa. Tangu 1969 Ireland ina msamaha wa kodi ya mapato kwa wasanii, na siku hizi kikomo chake ni yuro 50,000 kwa mwaka. Mrabaha wa nyimbo ulizotunga unaweza kuingia humo. Malipo ya kupanda jukwaani hayamo, ya kupiga diski hayamo, na ya ripoti za gazetini hayamo. Tena msamaha haujileti: unaomba, kazi yako inapimwa, na hata ukikubaliwa bado unajaza fomu ya kodi kila mwaka. Kwa hiyo weka madaftari matatu, moja kwa kila kazi, uandike siku uliyolipwa, si siku utakayokumbuka. Jisajili pia IMRO, chama kinachokusanya haki za watunzi, na ukiimba nyimbo zako mwenyewe kwenye baa, wapelekee IMRO orodha ya nyimbo hizo. Hela hiyo ni ndogo, lakini ni yako.

Watu watakwambia mpira na muziki haviivi chungu kimoja. Mtazame Eamon Dunphy. Alichezea klabu ya Millwall ya Uingereza na timu ya taifa ya Ireland, akawa mwandishi wa mpira anayeogopwa, mwaka 1987 akatoa kitabu kuhusu bendi ya U2, kisha akaendesha kipindi cha redio. Siyakubali yote anayosema, ila sentensi zake zina pumzi ya mtu aliyekimbia uwanjani.

Mimi mpira umenifunza kutunga. Dalymount, uwanja ule ambao Bob Marley aliimba Julai 1980, nilikuwa nasimama na mashabiki nikiwasikiliza. Nyimbo zao hazipandi juu sana. Mzee, mtoto na aliyekwisha kauka koo wote wanaziweza. Nikarudi nyumbani nikashusha kiitikio cha wimbo wangu mmoja uliokuwa haushikiki. Wiki iliyofuata baa nzima ilikuwa ikiniitikia, nami nikanyamaza nikawaachia.

Diski nayo inafundisha uandishi. Ukishaona sakafu ya kuchezea ikiwa tupu kwa sababu umechelewesha wimbo mzuri, hutaficha bao katika aya ya nne tena.

Na ukienda uwanjani, chukua penseli. Mvua ya hapa haina adabu, wino unayeyuka kabla ya mapumziko, na simu haitambui kidole kilicholowa. Daftari langu la msimu uliopita limevimba kama mkate, lakini kila jina la mfungaji linasomeka, na pembeni, kati ya kona mbili za kipindi cha pili, kuna mistari minne ya wimbo ninaoumalizia wiki hii.