Kabla hujalaumu risasi, tazama upepo

Wenzangu mnaopenda shabaha, haswa nyinyi mnaoanza masafa marefu, hebu niwaambie kosa nililofanya mimi, manake lilinila pesa na likaniharibia safari nzima.

Ndugu yangu, mtoto wa ammi, anakaa Uingereza. Kule ukiwa na kibali waruhusiwa kujaza risasi zako mwenyewe, yaani wachukua ganda lililokwisha pigwa, watia kiwashio kipya na baruti uliyoipima kwa mizani, wafunga na kichwa kipya. Nilipomtembelea akanipeleka Bisley, huko Surrey, uwanja ambao watu wanashindana shabaha tangu 1890, akanilaza kwenye yadi 1,000, kama mita 914 hivi, na bunduki yake ya .308 (huo ndo unene wa risasi kwa inchi), nikapiga kumi. Zikatawanyika. Nikamwambia wazi, ndugu yangu hizi umezijaza vibaya.

Hakukasirika. Akanionyesha mashimo kwenye shabaha akaniuliza, waona nini? Nikatazama vizuri, yote yamekaa karibu kimo kimoja, kama shanga kwenye uzi, ila yamesambaa kushoto na kulia zaidi ya mita nzima. Akaniambia baruti ikiwa haiko sawa, mbio za risasi hazitakuwa sawa, na hilo utaliona juu na chini, manake inayokwenda kasi yapiga juu na ya polepole yaanguka chini, tofauti ya mita 15 tu kwa sekunde ikifika kule ni karibu nusu mita. Zako ziko mstari mmoja. Mizani yangu haina kosa, kinachokusukuma ni upepo.

Hapo ndo nikaelewa, na hili ndo nataka mulishike: ukitoka kupiga soma shabaha yako kabla hujasema neno. Ikipanda na kushuka, shuku risasi, au pumzi yako na kidole chako. Ikienda kando, shuku upepo kwanza. Kwa .308, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni wakupeleka zaidi ya mita 2 kwenye yadi 1,000, sababu risasi yakaa hewani zaidi ya sekunde moja na nusu. Hakuna mizani itakayokuokoa hapo.

Sasa nimerudi Mombasa nikawaza ntajifunza wapi, bunduki hapa ni mpaka leseni, na kujijazia risasi nyumbani usijaribu kabisa, sheria ya silaha ile Sura ya 114 si ya mchezo. Lakini upepo je? Sisi watu wa pwani upepo tumezaliwa nao! Nikaenda kwa mzee mmoja mvuvi wa Mtongwe, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akanipeleka kwenye ngalawa yake akaniambia, "Mwanangu, usitazame upepo ulipo wewe, huo ushafika. Tazama goshini, huko unakotoka, ndo utajua kinachokuja." Wallahi maneno hayo yamenisaidia kuliko darubini niliyonunua kwa pesa nyingi. Bendera ya kutazama uwanjani ni ile ya upande unakotoka upepo.

Tangu hapo jioni nyingi naenda Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, bila bunduki, na daftari na kile kimashine cha kupima upepo. Nakisia kwanza, naandika, halafu ndo napima. Majani ya miti yakitikisika bila kutulia na bendera nyepesi ikinyooka ni kilomita 12 mpaka 19, vumbi na karatasi zikianza kuruka ni 20 na zaidi. Mwanzo nilikuwa nakosea karibu nusu kwa nusu, baada ya miezi mitatu nakosea kidogo sana. Kusi ni rahisi, imeshika na haibadiliki ovyo, kaskazi pia si mbaya, kazi iko tangambili, kati ya kusi na kaskazi, ndugu zangu, hapo upepo wageuka ukitazama na ukipepesa umepotea, lakini ndo shule yenyewe.

Kitu kingine ambacho wengi wanakosea, na mimi nilikosea: upepo wa pembe ya digrii 45 si nusu ya ule wa ubavuni, ni kama asilimia 70. Nusu ni digrii 30, ukihesabu kutoka mstari unaopigia. Na kukiwa na jua tazama mazigazi, ile hewa inayotetemeka kwa joto, kwa darubini, uirekebishe ionyeshe vizuri kabla kidogo ya shabaha, yakipanda wima hakuna upepo au wakuja usoni ama mgongoni, yakilala upande mmoja ujue upepo umeshika, yakinyooka kabisa kama maji ya mto usiyategemee tena, rudi kwenye bendera.

Mwaka huu nikarudi Bisley na risasi zile zile za ndugu yangu. Piga la kwanza nilingoja dakika nne nzima kwa sababu bendera za goshini zilikuwa zimelegea na mimi sikuwa nimejipanga kwa upepo wa kulegea, watu wa pembeni wakapiga wakamaliza, mimi nimelala tu. Ziliponyooka tena nikavuta.