Kenya ilifungiwa na FIFA mara ngapi, na kwa nini

Wapo wanaouliza kama 2022 ndiyo mara ya kwanza Kenya kufungiwa na FIFA, shirikisho la soka duniani. La, si mara ya kwanza. Tulifungiwa 2004 na tena Oktoba 2006, enzi za KFF, shirikisho la soka la Kenya la wakati huo, kabla FKF, shirikisho la sasa, haijaundwa 2011. Hii ya karibuni ilianza Februari 2022 ikaondolewa mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo.

Na si kwa sababu ya madai ya ufisadi, kama wengi wasemavyo maskani. Kosa lilikuwa serikali kuvunja ofisi ya Nick Mwendwa, aliyekuwa rais wa FKF, Novemba 2021 na kuweka kamati ya muda ya serikali. Kanuni za FIFA hazitaki mkono wa nje katika shirikisho. Mtuhumiwa hushtakiwa mahakamani, lakini kiti huachiwa wajumbe na kura zao. Ndiyo maana mabadiliko ya Desemba 2024, Hussein Mohammed alipoingia kuwa rais wa FKF, hayakuleta adhabu: ulikuwa uchaguzi.

Hasara ya kufungiwa ilikuwa mechi za kimataifa, pamoja na miradi ya maendeleo na mafunzo ya FIFA na CAF, shirikisho la soka Afrika. Harambee Stars, timu ya taifa, walikosa kufuzu AFCON 2023, Kombe la Mataifa ya Afrika, na klabu zikakosa mashindano ya CAF. Ligi ya nyumbani haizuiwi na FIFA, kwa hiyo uwanja wa Mbaraki, Mombasa, kuendelea kuchezewa mpira wakati huo hakukuwa ukaidi dhidi ya FIFA.