Wasomaji Wauliza: Nguo za kazi penye baridi kali

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea chuma. Nimepata mkataba katika mgodi wa chuma karibu na Fermont, Québec, naanza Januari. Wanasema baridi hufika −40. Nimeshanunua makoti mawili mazito ya mitumba pale soko la Kenya hapa mjini kwetu, na jinzi za kuvaa mbili mbili. Yatatosha? — Fundi, Kampemba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu fundi, makoti hayo mwachie mdogo wako, atayavaa Julai. Ukivaa koti zito juu ya fulana ya pamba, ukabeba vyuma kidogo tu, utatoka jasho. Pamba italinyonya na kulishika, na ukisimama kungoja kreni, jasho hilo litakupokonya joto lote. Jinzi nazo ni pamba.

Vaa tabaka tatu. Inayogusa ngozi iwe sufu nyembamba ya kondoo wa merino, mikono mirefu na suruali yake, ishike mwili bila kukaza. Dukani watakusifia poliesta kwa kuwa ni rahisi na hukauka upesi. Ni kweli, ila si ya mchomeleaji: cheche ikipenya, poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Sufu haiyeyuki, na moto ukiondoka huzimika yenyewe. Tabaka ya pili ni sweta ya sufu. Siku ya −40 vaa mbili za wastani badala ya moja nene, ili upate ya kuvua. Ya tatu ni koti na salopeti zenye bitana, za kitambaa kisichoshika moto. Muulize mwajiri kabla hujatoa pesa, maana hizi mara nyingi hutolewa na kampuni. Yale makoti ya nailoni yaliyojazwa manyoya ya bata hutobolewa na cheche moja.

Anza kazi ukisikia baridi kidogo. Ukisikia raha kabla hujashika kitu, umezidisha. Fungua zipu mapema, usingoje jasho.

Miguuni watu huharibu kwa kuvaa soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana: damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Chukua buti iliyozidi namba moja, yenye kiatu cha ndani cha sufu iliyoshindiliwa, kinachotoka. Kitoe kila jioni kikauke, maana asubuhi kikiwa kibichi hakuna soksi itakayokuokoa. Kinga ya vidole isiwe ya chuma, kwani chuma hupitisha baridi. Zipo za kompoziti, yaani plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi. Kwa buti za Kanada, pembetatu ya kijani huonyesha kwamba vidole vimekingwa na soli haichomwi na misumari.

Mikononi, glavu nyembamba ya sufu ndani, ya ngozi yenye bitana juu. Wakati wa kungoja vaa zile zinazotenga kidole gumba peke yake, kwa sababu vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Chuma usikiguse kwa mkono mtupu. Petroli pia jihadhari nayo: haigandi, inabaki na baridi ileile ya hewa, na ikikumwagikia inagandisha ngozi mara moja.

Chini ya helmeti usivae kofia nene, itaifanya ikae juujuu. Kuna bitana zake maalumu. Skafu ya kuning'inia iache nyumbani.

Halafu upepo. Kwenye −30, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi isikie −46, na uso ulio wazi unaweza kuganda kabla ya dakika 10. Ngozi yetu nyeusi hailionyeshi hilo kwa wekundu: hugeuka rangi ya majivu, ngumu kama nta, kisha ganzi. Tafiti kwa askari wa Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa wenye asili ya Afrika hujeruhiwa na baridi zaidi, kwa hiyo mkaguane nyuso na mwenzako. Vazelini haizuii kuganda. Sehemu ikifa ganzi, usiisugue; ingia ndani, itie kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, umwone muuguzi.

SWALI: Mwanangu anapanga makatoni ya Thomson, wale samaki wa kugandishwa, kwenye depo la samaki, chumbani ni −20. Anaingia na kutoka siku nzima, sasa anakohoa. Nimemshonea koti la blanketi. — Mama, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, blanketi hilo litanyonya maji. Oktoba nje ni nyuzi 30 na zaidi. Anapakia gari akitoka jasho, kisha anarudi nalo ndani. Awe na fulana mbili za kubadilisha, za sufu au poliesta (yeye hachezi na moto), na koti la depo alivae mlangoni akiingia, alivue akitoka. Buti za raba azitie soli za sufu na abadili soksi mchana. Glavu zikilowa maji ya samaki, avae nyingine. Koti ni kifaa cha kazi, bosi ndiye wa kulitoa. Kikohozi kikipita wiki mbili, aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu, asisingizie baridi.