Jenereta ya Pampu Haipimwi kwa Kuwaka

Ukipangiwa kituo cha kusukuma maji, huenda ukakuta jenereta inawashwa kila wiki, inanguruma dakika kumi bila mzigo, inazimwa, na daftari linaandikwa "iko sawa". Hapo mmejaribu betri na stata tu, na injini mmeiumiza. Dizeli isiyobebeshwa kitu haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye nozeli zinazonyunyiza mafuta. Ute mweusi kama lami unaochuruzika kwenye maungio ya bomba la moshi ndio dalili yenyewe. Angalau mara moja kwa mwezi ibebeshe pampu, nusu saa, asilimia 30 ya uwezo wake au zaidi. Jenereta ya kVA 250 (ukubwa wake wa jina) hutoa kW 200 za nguvu halisi, kwa hiyo kW 60 ndicho kima cha chini.

Pampu zisiwashwe kwa mpigo. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara sita hivi ya ule wa kawaida. Mbili zikianza pamoja volti zinaporomoka, kontakta (swichi za sumaku zinazolisha mota) zinaachia, mnabaki gizani. Anza na kubwa, amita, yaani kipimo cha mkondo, ikitulia ndipo nyingine. Na kama vali ya kuzuia maji kurudi imechoka, umeme ukikatika pampu huzunguka kinyumenyume. Tazama shafti kwa macho: ikiwa bado inazunguka, usiguse swichi, shafti inaweza kukatika.

Dizeli ndiyo yenye mambo. Kila kW moja kwa saa hula lita 0.25 hadi 0.3, hivyo mzigo wa kW 150 ni kama lita 40 kwa saa. Tangi la lita 1,000 halifikishi saa 25, maana ya chini kabisa ni tope. (Hesabu hiyohiyo hufichua madumu yanayotoka usiku.) Tangi lililo nusu hutoa jasho ndani, jasho linashuka kuwa maji, na pale maji yanapokutana na dizeli huota utando unaoziba filta. Kinga mafuta ya koki ya chini kwenye chupa ya kioo, subiri: maji yatajitenga chini. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu.

Betri ya volti 12 ipime wakati stata inazungusha. Ikishuka chini ya 9.6, badilisha.

Mwisho fuata waya wa pampu ya klorini. Mara nyingine umechomekwa kwenye soketi isiyolishwa na jenereta, na maji yanakwenda mjini bila dawa huku kila mita ikisoma vizuri.