ANA hasi, anti-Jo-1 chanya: tuamini kipi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu hapa Kasulu, Kigoma. Mke wangu ana miaka 41. Tangu mwezi wa tatu hawezi kujitwika ndoo ya maji, na kwenye kigoda hainuki mpaka ashikwe mkono. Kabla ya hapo alikuwa na kikohozi kikavu, akatibiwa nimonia mara mbili. Makohozi yalipimwa TB, hakuna kitu. CK, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli inaharibika, iko juu sana. ANA, kipimo cha kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, imesema hasi, lakini sampuli iliyopelekwa Dar es Salaam imerudi na anti-Jo-1, mojawapo ya kingamwili hizo, chanya. Tuamini kipi? Na je, hii ni saratani?

JIBU: Marahaba Mwalimu, na pole kwa kuuguza. Aminini vyote viwili, havipingani: vinaelekeza kwenye ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia misuli yake yenyewe.

Kwenye ANA, majimaji ya damu ya mgonjwa humwagwa juu ya seli zilizowekwa kwenye kioo, zikatiwa rangi inayong'aa, kisha zikatazamwa kwa darubini. Kingamwili zikinata kwenye kiini cha seli, kiini kinawaka kijani. Lakini anti-Jo-1 hailengi kiini. Inalenga kimeng'enya kilicho nje ya kiini, kinachosaidia seli kutengeneza protini. Aliyetazama viini akaandika "hasi" hakukosea. Tunaokosea ni sisi madaktari tunaposoma karatasi hiyo na kumwambia mgonjwa hana ugonjwa.

Kipimo cha anti-Jo-1 nacho huweza kuteleza, hasa kikiwa chanya hafifu kwa mtu asiye na dalili. Kwa mkeo dalili zote zinakubaliana nacho. Vigezo vya kimataifa vya 2017 vya kutambua magonjwa haya ya misuli vinaipa alama kingamwili hii peke yake.

Naomba umtazame vidole, mchana, kwenye mwanga. Pembeni mwa kidole cha shahada, upande wa dole gumba, ngozi imekakamaa, imepasuka mistari midogo kama ya fundi wa gereji? Kwa mama anayekamua mawese na kumenya mihogo, kila mtu atasema ni kazi. Miaka ya nyuma nilimhudumia mgonjwa mwenye mikono hiyo hiyo na kikohozi. Nilimsikiliza kifua, mikono sikuigusa. Ugonjwa wake ulitambuliwa na mwingine, miezi baadaye, na bado naumia nikimkumbuka.

Kikohozi, udhaifu wa misuli na mipasuko hiyo, mara nyingine na homa na maumivu ya viungo, ni ugonjwa mmoja, uitwao sindromu ya antisintetesi. Ndiyo maana naisisitiza anti-Jo-1: inatuambia tuwahi mapafu. Anahitaji CT ya kifua, picha inayoonyesha mapafu kwa undani kuliko eksirei, na kipimo cha nguvu ya pumzi, hata kama eksirei ilionekana safi.

Kuhusu saratani, kingamwili inayotufanya tuitafute kwa bidii kwa mtu mzima ni anti-TIF1-gama, siyo hii. Vipimo vya kawaida vya umri wake, kama shingo ya kizazi, aendelee navyo. Ziko nyingine pia: anti-Mi-2 huja na vipele vingi lakini kwa kawaida husikia dawa, na anti-MDA5 inaweza kuharibu mapafu ndani ya wiki chache huku misuli ikiwa na nguvu.

Kabla ya dawa kali za kushusha kinga, muulizeni daktari wake kuhusu TB iliyojificha, homa ya ini aina ya B, na minyoo ya strongiloidi wanaoingia kwa kukanyaga udongo pekupeku. Prednisoloni ikiwaamsha minyoo hao, wanaweza kusambaa mwili mzima. Na akishaanza prednisoloni, asiikatishe ghafla hata akijisikia amepona.

Anti-Jo-1 msilipie kuirudia kila mwezi. Pesa hiyo iwe nauli ya kwenda kwenye CT. Akianza kupaliwa na chakula, au akihema kabla ya kumaliza sentensi, msingoje siku ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.