Sarafu ya Kirumi iliyookotwa mbali na kwao: kwa wewe unayeanza

Nianze na kosa langu la mwaka wa kwanza, nilipokuwa napokea vitu vinavyookotwa mashambani kusini mwa Uingereza. Mzee mmoja aliniletea shaba kubwa, nene, ya kijani kilichokolea, ukingo wake umelala mshazari. Kwa kuwa imeokotwa Uingereza, nikaichukulia kuwa imepigwa Roma, nikashinda kutwa nzima nikiitafuta kwenye orodha za sarafu za Roma. Sikuiona. Nilikuwa nimeiuliza ardhi kabla ya kuiuliza sarafu yenyewe.

Kesho yake nilizima taa ya juu, nikashusha taa ya meza hadi mwanga ukaipiga sarafu kwa ubavu, kama jua la jioni linavyopiga mchanga wa ufukweni. Nikaizungusha taratibu. Upande wa kichwa maandishi yalikuwa yamesagika yote. Mgongoni, karibu na miguu ya mungu aliyesimama, ikajitokeza L, halafu I, halafu Z.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu jicho linasoma Kilatini. Kwenye sarafu za Aleksandria ya Misri, hiyo L ni alama ya neno “mwaka”, na zinazofuata ni tarakimu za Kigiriki: I ni 10, Z ni 7. Mwaka wa 17 wa utawala. Uso wenye ndevu ulikuwa wa Hadrian, mfalme wa Roma, na kwa kalenda ya Misri, iliyoanza mwaka mpya tarehe 29 Agosti, hiyo ni 132 hadi 133 baada ya Kristo. Ilikuwa drakma (jina la sarafu ya Kigiriki) ya shaba, upana wake milimita 34, na ule ukingo wa mshazari ni jambo la kawaida Aleksandria. Sarafu ilikuwa imejitaja tangu mwanzo.

Kwa hiyo pima kwanza: uzito, upana, unene. Shika sarafu kichwa kikiwa wima, igeuze kama ukurasa wa kitabu, uandike picha ya mgongoni imesimama au imepinduka. Usiisugue. Usiitie siki wala ndimu, hata mwenyewe akikusihi. Kutu ile ya kijani ndiyo iliyoshika herufi, ukiibandua nazo huondoka.

Kisha tafuta jina la mji, kwa kuwa miji mingi ya mashariki iliyotawaliwa na Roma ilipiga sarafu zake yenyewe, kwa Kigiriki. Aliyekua akisikia nyaraka za Paulo kwa Kiswahili ana mtaji mzuri hapa. ΕΦΕϹΙΩΝ maana yake ni “ya Waefeso”. ΘΕϹϹΑΛΟΝΙΚΕΩΝ ni “ya Wathesalonike”. Kile kimalizio ΩΝ kinafanya kazi ya “ya Wa-” yetu, basi maandishi yakiwa yamefutika, tafuta ΩΝ kwanza uanze kurudi nyuma herufi moja moja. Kumbuka Ϲ ni S, na Ρ ni R. Hata herufi nne zinatosha: ziingize kwenye orodha ya RPC (Roman Provincial Coinage, yaani sarafu za majimbo ya Roma), iliyo wazi bure mtandaoni, pamoja na picha ya mgongoni, na mara nyingi utabakiwa na miji miwili au mitatu tu.

Mitego ipo. Miji iliyofanywa koloni, yaani makazi ya raia wa Kirumi, iliandika Kilatini. Wafilipi wanajulikana kwa shaba ndogo yenye COHOR PRAE PHIL na bendera tatu za jeshi. Antiokia ya Siria iliweka SC kubwa, herufi za Kilatini zilizo pia kwenye shaba za Roma, ndani ya shada la majani, na anayeanza akiiona huapa kuwa ni Roma. Geuza: ikiwa ni ya mfalme Trajan, maandishi yanayozunguka kichwa ni ya Kigiriki. Na Antiokia haikuwa moja. Ile ya Pisidia ilikuwa koloni, ikaandika Kilatini.

Ukishajua kwao, ndipo uulize imefikaje. Shaba ya mji ilikuwa hela ya soko la mji huo na jirani zake. Zilizosafiri mbali ni sarafu za dhahabu na za fedha. Lakini askari alibeba alichokuwa nacho mfukoni. Sarafu za Nemausus, mji unaoitwa leo Nîmes kusini mwa Ufaransa, zenye mamba aliyefungwa kwenye mtende, zimejaa kwenye kambi za Kirumi kando ya mto Rhine, nyingi zikiwa zimekatwa nusu ili kupata chenji.

Ile drakma yangu haikuja na askari wa Kirumi. Nilipoupitisha ukingo wake chini ya lenzi niliona mkwaruzo wa wino mweusi, namba ndogo ya mkono, ya aina ambayo wakusanyaji wa zamani waliandika kwenye mali yao. Iliangushwa shambani na mtu wa karne za karibuni. Niliumia, kwa sababu nilikwisha kumwambia yule mzee habari za meli za nafaka zilizotoka Misri kwenda Roma.

Ndiyo maana nasisitiza mahali. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, sarafu tano za shaba za Kilwa yetu, pamoja na nne za Kiholanzi. Zilizua swali ambalo halijafungwa: nani alizipeleka? Lakini yule askari aliweka alama ya X kwenye ramani, na kwa alama hiyo watafiti waliweza kurudi pale mwaka 2013. Kule kwenye ngome ya Katsuren, kisiwani Okinawa, Japani, sarafu za Kirumi za karne ya 4 zilitoka kwenye uchimbaji wa kitaalamu, na miongoni mwa zilizotoka nazo kulikuwa na ya Waosmani ya 1687. Mwaka wa kupigwa sarafu na mwaka wa kudondoka kwake ni mambo mawili.

Kwenye kadi yako, basi, weka mistari miwili iliyotengana. Mmoja: imepigwa wapi, lini. Mwingine: imeokotwa wapi, kina gani, pamoja na nini, na nani aliyeona. Yangu ya siku ile bado ipo kwenye droo, mstari wa pili umefutwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa upya: “imepotezwa zama za karibuni, tazama wino ukingoni.”